Bangi ndani ya biskuti: Usidanganywe na utamu

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo vijana wengi wanaulizana chini chini, nalo ni bangi ya kula. Bangi haivutwi tu. Wapo wanaoichanganya kwenye biskuti, keki, chokoleti, pipi, na hata kwenye chai. Haitoi moshi, na ukiiweka kwenye sahani huwezi kuitofautisha na keki ya kawaida. Ndiyo maana utasikia mshikaji akisema, "Hiyo ya kula haina noma, hata asiyewahi kuvuta anaweza kuanza nayo."

Je, ni kweli? Hapana. Kwa mtu ambaye hajawahi kutumia, bangi ya kula ina hila kuliko hata ile ya kuvuta. Hatusemi hivi ili kukutisha. Soma mwenyewe uone sababu zake.

Nini hutokea mwilini?

Bangi ina kemikali nyingi. Ile inayolewesha inaitwa THC. Mtu akivuta, THC inaingia kwenye mapafu, kisha kwenye damu, na inafika kwenye ubongo baada ya dakika chache tu. Mvutaji anajua mapema kwamba imemkolea.

Akila, njia ni ndefu. THC inapita tumboni na kwenye utumbo, halafu inafika kwenye ini. Ini linabadilisha sehemu ya THC kuwa kemikali nyingine, ambayo nayo inalewesha sana na inaingia kwenye ubongo kwa urahisi. Safari hiyo huchukua dakika 30 hadi saa 2, na wakati mwingine zaidi, hasa kama mtu alikuwa ameshiba. Makali yenyewe hufika kileleni kati ya saa 2 na saa 4 baada ya kula. Yanaweza kudumu saa 6 hadi 8 au zaidi, na uchovu unaweza kubaki mpaka siku ya pili.

"Mbona sisikii kitu?"

Mtego uko hapo. Tuseme kijana amekula biskuti moja saa 2 usiku kwenye sherehe. Saa 3 anajipima, yuko sawa kabisa. Wenzake wanamcheka: "Wewe ngangari!" Anaongeza mbili. Saa 4 ile ya kwanza inaanza kumpanda. Anafurahi, anacheka ovyo. Lakini zile mbili bado ziko njiani! Saa 5 na saa 6 zote tatu zinakutana kichwani. Sasa moyo unamwenda mbio, mdomo umekauka, anaona kama anakufa. Na hawezi kuzirudisha, kwa sababu zimekwisha kuingia mwilini.

Jambo la namna hii limewahi kuua. Katika jimbo la Colorado, Marekani, maduka yalianza kuwauzia bangi kihalali watu wazima wa miaka 21 na kuendelea mwezi Januari 2014. Machi mwaka huohuo kijana wa miaka 19 alikula kipande kimoja tu cha biskuti ya bangi, kama muuzaji alivyokuwa ameelekeza. Kati ya dakika 30 na 60 zikapita, hakusikia kitu, akaimaliza yote. Baadaye akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kufanya fujo. Saa 3 na nusu hivi baada ya kile kipande cha kwanza alijirusha kutoka ghorofa ya nne, akafariki. Hakuwa na historia ya kutumia bangi.

Kidogo ni kiasi gani?

Biskuti aliyokula kijana yule ilikuwa na miligramu 65 za THC. Kipimo cha mtu mmoja kilihesabiwa kuwa miligramu 10. Kwa hiyo ndani ya biskuti moja kulikuwa na vipimo zaidi ya sita! Mwaka 2015 Colorado ilibana masharti, ili kila kipimo cha miligramu 10 kitambulike na kutengwa na kingine.

Haya, sasa tujiulize kuhusu huku kwetu. Biskuti ya bangi inayouzwa kwa siri mtaani imepimwa na nani? Hakuna. Haina lebo, haina tarehe, haina jina la mpishi. Mchanganyiko nao hausambai sawasawa, kwa hiyo kipande cha pembeni kinaweza kuwa na THC kidogo na cha katikati kikawa nayo tele. Ndiyo maana ushauri wa "anza na kidogo" haumsaidii mtu hapa, maana hajui kidogo ni kipi. Kwa mwanafunzi wa umri wako, kiasi salama ni kimoja tu: sifuri.

Tena si lazima mlaji awe amekusudia. Septemba 2023 huko Soshanguve, Afrika Kusini, wanafunzi wapatao 90 wa shule ya msingi walipelekwa hospitali baada ya kula biskuti zilizodaiwa kuwa na bangi, walizonunua kwa muuzaji wa barabarani. Mtu anaweza kudhani amenunua biskuti ya kawaida.

Wanavyosema, na ukweli wenyewe

WANASEMA: Bangi ni majani ya asili, haiwezi kudhuru.
UKWELI: Hata tumbaku ni majani ya asili. Bangi nyingi kwa mara moja inaweza kuleta hofu kubwa, kutapika, kizunguzungu, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, na moyo kwenda mbio. Isitoshe, ubongo wako unaendelea kujijenga mpaka karibu na umri wa miaka 25. Kutumia bangi mara kwa mara katika umri huu hupunguza uwezo wa kukumbuka na kuzingatia masomo. Pia huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa akili, hasa kama kuna ndugu katika ukoo aliyewahi kuugua.

WANASEMA: Maziwa yanakata bangi.
UKWELI: Hayakati. Wala limau, wala kahawa, wala maji ya baridi kichwani. Mtu aliyelegea ukimnywesha maziwa kwa nguvu anaweza kupaliwa, na hilo ni hatari zaidi.

WANASEMA: Ukishushia na bia unatulia.
UKWELI: Pombe na bangi zikikutana, kila moja inaongeza makali ya mwenzake.

Rafiki yako akizidiwa

Hata kama wewe hutumii, siku moja unaweza kuwa ndiye mwenye akili timamu pekee mahali hapo. Fanya hivi:

1. Usimwache peke yake hata dakika moja. Mwondoe kwenye kelele, barabara, maji na ngazi. Asipande pikipiki kama dereva, wala asiendeshe gari.
2. Ongea naye kwa upole: "Niko hapa. Hali hii itapita." Usimcheke, usimpige picha.
3. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo.
4. Usimtapishe kwa nguvu.
5. Akisinzia, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Mwangalie anavyopumua.
6. Mkimbize hospitali au kituo cha afya akiwa haamki, anapumua kwa shida, anaumwa kifua, ana degedege, anatapika mfululizo, au anataka kujidhuru au kuwadhuru wengine.
7. Mtoto mdogo akila hata kipande, usisubiri dalili. Mpeleke mara moja. Mwili wake ni mdogo, na anaweza kupoteza fahamu au kupumua kwa shida.

Mkifika, semeni ukweli: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Kama kuna kipande kilichobaki, nendeni nacho. Vijana wengine huogopa, wakasema ni malaria au ni chakula kibovu. Daktari akidanganywa anapoteza muda akitafuta ugonjwa ambao haupo. Hofu ya kufukuzwa shule au kukasirikiwa na wazazi tunaielewa. Lakini adhabu hupita, rafiki akifa harudi.

Ukipewa, utajibuje?

Huna haja ya kutoa hotuba. Sema tu, "Asante, mimi sili kitu nisichojua kimepikwa na nani." Akikuita mshamba, mwache. Na wewe usithubutu kumlisha mwenzako bangi bila yeye kujua, eti kwa utani. Huo si utani, ni kumdhuru mtu. Kumbuka pia kwamba Tanzania bangi imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kuificha ndani ya keki hakuifanyi iwe halali.

Kama umeshaanza kutumia na unaona vigumu kuacha, usijione umekwisha. Zungumza na mtu mzima unayemwamini: mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi, shangazi au mjomba, au kiongozi wako wa dini. Kuomba msaada si aibu.

Jadilianeni darasani au kwenye klabu yenu:
– Kwa nini mtu aliyekula bangi huwa rahisi kuzidisha kuliko aliyevuta?
– Mwenzenu amezidiwa bwenini usiku. Mmoja anasema, "Tumfiche, asubuhi atakuwa poa." Mtamjibu nini?
– Ni nini huwafanya wanafunzi waogope kusema ukweli hospitali, na walimu na wazazi wafanye nini ili hofu hiyo ipungue?