Siku ya mapumziko: Kwa nini msafara wa baiskeli utulie ukifika Bujumbura?

Anayeteremka kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura huiacha baridi ya milimani na kuingia katika joto la Ziwa Tanganyika kwa mwendo wa kilomita 35 hivi. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko takriban mita 770. Kwa kundi lililokuwa njiani siku kadhaa, hapo ndipo mabishano huanza. Je, walale usiku mmoja na kuondoka alfajiri kuelekea Rumonge, au wakae siku nzima?

Mara nyingi wenye nguvu hutaka kuendelea, na waliochoka huona haya kusema. Hata hivyo, siku ya mapumziko si hisani kwa wanyonge, bali ni sehemu ya safari yenyewe.

Mwili hufanya nini unapopumzika?

Misuli huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni, ambayo ndiyo nishati kuu ya kupandia milima. Baada ya siku ndefu akiba hiyo hupungua sana, na kuijaza upya huweza kuchukua takriban saa 24, tena iwapo mtu anakula wanga wa kutosha: wali, ugali, mihogo, ndizi au viazi. Anayeondoka kabla ya hapo huanza safari na upungufu, na upungufu huo hulimbikizana siku hadi siku.

Aidha, nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kwa kazi hurekebishwa wakati wa utulivu, hasa usingizini. Kwa maneno mengine, mazoezi huchosha mwili, na mapumziko ndiyo huujenga.

Uchovu huathiri pia akili. Katika Barabara ya Taifa nambari 1, yenye kona kali, malori na baiskeli zilizosheheni ndizi, kuchelewa kidogo tu kushika breki kunaweza kugharimu maisha.

Hata mabingwa hupumzika. Mashindano ya Tour de France, yenye hatua 21, huwa na siku mbili za mapumziko. Msafara wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003 na ambao hutoka Cairo hadi Cape Town kwa takriban miezi minne, nao huzipanga siku hizo tangu mwanzo.

Siku hiyo ipangwe vipi?

Kwanza, afya. Kabla ya kuinuka kitandani, kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo wake. Yakiwa juu kuliko kawaida yake, huenda mwili haujapona. Homa, maumivu ya kichwa na kutetemeka kwa baridi visichukuliwe kuwa uchovu tu: Burundi ni nchi yenye malaria, na mgonjwa anapaswa kupimwa siku hiyo hiyo.

Pili, chombo. Breki zilizotumika mteremko mzima zikaguliwe, pamoja na cheni, spoki na tairi. Mtaa wa Buyenzi unajulikana kwa mafundi wake, na Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa huo. Wageni waulize kwanza wapi baiskeli zinaruhusiwa, kwani Machi 2022 mamlaka zilizipiga marufuku katikati ya jiji.

Tatu, miguu. Kulala kutwa huweza kuikaza. Waendeshaji wa Tour de France huendesha polepole saa moja au mbili siku ya mapumziko. Kwa aliye Bujumbura, safari ya takriban kilomita 12 hadi Mugere inatosha. Huko liko jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley, ambao katika safari yao walilala hapo usiku mbili, kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba 1871.

Muhimu zaidi, siku ya mapumziko ikubaliwe kabla ya kuondoka nyumbani, ili njiani asiwepo mtu wa kulaumiwa kwamba ndiye aliyewachelewesha wenzake.

Wasio na siku ya kupumzika

Katika barabara hiyo hiyo wapo vijana wanaoteremsha ndizi na makaa hadi sokoni, kisha hupanda tena mlima wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Wapo waliopoteza maisha kwa njia hiyo. Wao hawana msafara unaowapangia ratiba, na siku wasiyofanya kazi huwa haina mapato.

Hata hivyo, misuli yao haina kanuni tofauti na ya watalii au mabingwa. Walio katika vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kutenga fedha kidogo kila wiki kwa ajili ya siku moja ya kutulia. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ya breki iliyoshikwa kwa kuchelewa.