Dawa, sumu na mtoto wako: kazi ya wataalamu wa sumu na namna kijana wako anavyoweza kuisomea

Mtoto anakohoa usiku kucha. Asubuhi unakwenda duka la dawa, unanunua dawa ya maji ya kikohozi, unarudi nyumbani na kumpa. Chupa ni nzuri, dawa ni tamu, mtoto anaimeza bila kulia. Lakini ni nani aliyehakikisha kwamba kilichomo ndani ya chupa hiyo ni dawa, wala si sumu?

Kazi hiyo hufanywa na watu waliosomea elimu ya sumu, ambayo vyuoni huitwa toksikolojia. Wazazi wengi hawajawahi kuisikia. Makala hii inaeleza kazi yenyewe, kwa nini inamgusa mtoto wako, na njia ambayo binti yako au mwanao anaweza kupita akitaka kuisomea.

Toksikolojia ni nini?

Ni elimu inayochunguza jinsi vitu vinavyoweza kuudhuru mwili: dawa, kemikali za viwandani, viuatilifu vya shambani, madini kama risasi, sumu ya nyoka, hata ukungu unaoota kwenye mahindi.

Msingi wake ni rahisi kuelewa. Karibu kila kitu kinaweza kuwa sumu kikizidi kiasi. Daktari wa Ulaya aliyeitwa Paracelsus alilifundisha jambo hili miaka ya 1500, na wataalamu wa leo bado wanaanzia hapo. Parasetamoli ikitolewa kwa kipimo sahihi hushusha homa. Ikizidi, huharibu ini.

Ndiyo maana mtoto yuko katika hatari kubwa kuliko wewe. Mwili wake ni mdogo, ini na figo zake bado zinakua, na kiasi ambacho kwako ni kidogo, kwake kinaweza kuwa kingi mno.

Dawa tamu iliyoua

Mwaka 1937, kiwanda kimoja cha dawa nchini Marekani kilitengeneza dawa ya maji ya salfa. Vidonge vya salfa vilikuwa vikisaidia kweli wagonjwa wa koo na maambukizi mengine, lakini watoto hawakuweza kuvimeza. Kiwanda kikatafuta kimiminika cha kuiyeyusha dawa hiyo, kikachagua kemikali iitwayo dayethilini glaikoli. Ni nyepesi kupatikana na ina ladha tamu. Wakaongeza ladha ya matunda, wakaijaribu kwa rangi, harufu na ladha, kisha wakaiuza. Hakuna aliyeuliza kemikali ile inaufanya nini mwili wa binadamu. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtu kuuliza.

Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Kemikali ile ilikuwa imeharibu figo zao, wakashindwa kukojoa, wakateseka kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Mama mmoja wa jimbo la Oklahoma, aliyempoteza binti yake wa miaka 6, alimwandikia Rais Roosevelt barua akimsihi azuie dawa za namna hiyo zisiuzwe tena. Mwaka uliofuata, 1938, ilipitishwa sheria kwamba dawa mpya isiuzwe mpaka mtengenezaji aonyeshe kuwa ni salama.

Mwanafunzi aliyekuwa maabara siku zile

Serikali ilipotaka kujua kilichowaua watu wale, iliomba msaada Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Profesa Geiling alikuwa ameanzisha idara mpya ya kuchunguza dawa. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo msichana kutoka Kanada, Frances Oldham.

Nafasi ile aliipata kwa namna ya ajabu. Mwaka 1936 alituma barua ya maombi, na profesa akamjibu kuwa amekubaliwa, ila alimwandikia kama mwanamume. Jina Frances la mwanamke na Francis la mwanamume yanatofautiana kwa herufi moja tu. Alijiuliza kama aende, kwa kuwa kazi za sayansi siku zile wanawake walipewa kwa nadra. Akaenda.

Yeye na wenzake waliwapa wanyama wa maabara sehemu za dawa ile, moja baada ya nyingine, wakiangalia ni ipi inayoua. Salfa haikuwa na kosa. Aliyeua alikuwa ni ile kemikali tamu.

Miaka 23 baadaye, mwaka 1960, Frances alikuwa ameolewa na kuwa mama wa watoto wawili, akijulikana kama Daktari Frances Kelsey. Aliajiriwa katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Mojawapo ya majalada ya kwanza aliyopewa lilihusu dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Nchi nyingi zilikuwa zikiitumia tayari, na wajawazito walipewa ili kutuliza kichefuchefu. Kampuni ilitaka kibali haraka.

Kelsey alikataa. Alikuwa amesoma taarifa kutoka Uingereza kwamba baadhi ya watu wazima walioitumia walikufa ganzi mikononi na miguuni. Akauliza: kama inaumiza mishipa ya fahamu ya mtu mzima, inamfanya nini mtoto aliye tumboni? Alitaka ushahidi. Kampuni ilimsumbua kwa simu, barua na malalamiko kwa wakubwa wake, lakini hakusaini.

Mwishoni mwa 1961, madaktari wa Ujerumani na Australia waligundua kwamba dawa ile iliwafanya watoto wazaliwe na mikono na miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Duniani waliathirika zaidi ya watoto 10,000. Marekani walikuwa wachache sana, kwa sababu dawa haikupata kibali cha kuuzwa. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimpa Kelsey nishani. Alifariki 2015 akiwa na miaka 101.

Haya yanakuhusu vipi leo?

Kemikali ile ya 1937 bado inaua. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa nchini Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, na vifo vyao vikahusishwa na dawa za maji za watoto. Indonesia na Uzbekistan nako watoto walikufa. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema vifo katika nchi hizo tatu vimezidi 300, wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Sababu mara nyingi ni ulaghai au uzembe. Dawa za maji zinahitaji kimiminika safi kama gliserini. Dayethilini glaikoli inafanana nacho kwa macho na kwa ladha, na ni rahisi zaidi kwa bei. Kiwanda kisipopima malighafi yake, na nchi isipopima dawa inayoingia, chupa inafika mpaka nyumbani kwako.

Lipo pia jambo la kututia moyo. Aprili 2024 maabara ya Nigeria ilitangaza kuwa imekuta kemikali hiyo katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto. Nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania, ziliagiza toleo hilo liondolewe sokoni. Kulikuwa na mtu maabara aliyepima, na mwingine aliyepokea taarifa na kuchukua hatua. Watu hao walisomea kazi hii.

Wewe ufanye nini nyumbani?

Huwezi kupima kemikali jikoni, lakini unaweza kupunguza hatari:

- Nunua dawa katika duka lililosajiliwa. Usinunue sokoni, kwenye basi au kwa mchuuzi.
- Kabla ya kulipa, angalia kama kizibo hakijafunguliwa, kama tarehe ya kuisha muda haijapita, na kama jina la mtengenezaji na namba ya toleo vinasomeka.
- Usitupe chupa wala boksi mpaka mtoto apone. Kukiwa na tatizo, namba ya toleo ndiyo itakayowasaidia wataalamu kuwaokoa watoto wengine.
- Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani.
- Mtoto mchanga asipewe dawa ya kikohozi bila ushauri wa mhudumu wa afya. Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Mnyonyeshe mara kwa mara. Aliyezidi mwaka mmoja unaweza kumpa asali kidogo. Chini ya mwaka mmoja, asipewe asali kabisa.
- Mafuta ya taa, dawa ya panya na viuatilifu visiwekwe kwenye chupa za soda au maji. Viweke juu, mahali palipofungwa.

Mpeleke mtoto hospitali haraka ikiwa baada ya kunywa dawa anatapika mfululizo, analalamika tumbo, analegea au kuchanganyikiwa, au kama hakojoi au anakojoa kidogo sana. Chukua chupa ya dawa uende nayo.

Akimeza mafuta ya taa au kemikali nyingine, usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, uende naye hospitali pamoja na chombo alichonywea.

Na kama kijana wako anapenda sayansi?

Huenda una binti anayependa kemia, na majirani wanakuambia masomo hayo ni ya wavulana, au kwamba asipokuwa daktari amepoteza muda. Mweleze habari za Frances Kelsey, kisha mweleze njia ilivyo.

*Shuleni.* Asiache Kemia na Biolojia. Kwa Tanzania, tahasusi za kidato cha tano zinazomfaa ni kama PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia). Kwa Kenya, achague njia ya sayansi yenye masomo hayohayo. Hisabati na Kiingereza pia vitamsaidia.

*Chuoni.* Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu katika nchi zetu shahada ya kwanza yenye jina la toksikolojia si jambo la kawaida. Wengi huanza na shahada pana: famasia, kemia, sayansi ya maabara, udaktari wa mifugo au afya ya mazingira. Toksikolojia huja baadaye, katika shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina uzamili wa famakolojia na toksikolojia. Tanzania, famasia inafundishwa Muhimbili, na udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kuanza na shahada pana kuna faida. Nafasi za toksikolojia zikiwa chache, mfamasia au mtaalamu wa maabara bado anaweza kuajiriwa.

*Asiyepata alama za chuo kikuu* hajafungiwa mlango. Stashahada ya famasia au ya maabara inamwingiza katika kazi, na kutoka hapo anaweza kujiendeleza.

*Ada.* Uliza mapema kuhusu mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Soma mwenyewe masharti na tarehe za mwisho, wala usimlipe mtu anayedai atakusaidia kupata mkopo au nafasi.

Wanaajiriwa wapi?

- Mamlaka za dawa. Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Hukagua dawa kabla hazijauzwa na kuziondoa zikionekana mbaya.
- Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hupima sampuli za watu waliodhurika na kemikali, hata kwa ajili ya kesi mahakamani.
- Taasisi za viuatilifu. Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao Arusha.
- Mashirika ya viwango. Hupima chakula, ikiwemo sumukuvu katika mahindi na karanga. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania.
- Hospitali, viwanda, migodi na vyuo vikuu.

Anzia hapo ulipo

Ukienda duka la dawa safari nyingine, mchukue binti yako. Mwonyeshe namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Muulize mfamasia mbele yake: dawa hii ina nini ndani, na imesajiliwa? Mfamasia mzuri hatakasirika. Muulize pia alisomea wapi na alianzaje. Binti yako asikie jibu hilo kutoka kwa mtu anayeifanya kazi hiyo katika mji wenu.