Mapishi ya Bibi Ndani ya Faili Kuukuu

Njooni, wanangu. Kaeni hapa uani, mkeka upo.

Jumamosi moja mpwa wangu alinijia mbio hapa Likoni, penye kivuko cha feri, kompyuta kwapani. Alikuwa amekuta sidii ndani ya kasha la bibi yake. Juu yake marehemu babu aliandika kwa kalamu: Mapishi, 2003. Ndani mlikuwa na faili moja tu, mapishi.wps.

"Mjomba, nimelifungua. Lakini tazama!"

Nikatazama. Vijisanduku. Alama za ajabu. Hapa na pale neno moja moja likichungulia: iliki, hamira, tui.

"Faili limeoza?" akauliza.

Swali zuri hilo, mwanangu. Wengine wangelifuta wakaenda zao kucheza. Wewe umeuliza. Basi tulisikilize lenyewe.

Faili likasema: "Sijaoza. Maneno yangu yapo. Niliandikwa kwa programu iitwayo Microsoft Works. Ilikuwa programu ya bei nafuu, ya watu wa nyumbani. Toleo lake la mwisho, la 9, lilitoka 2007. Baada ya hapo Microsoft waliacha kuitengeneza. Mimi nimebaki ufukoni, nangoja chombo."

"Kama abiria wa feri!" mtoto akasema.

Kabisa! Maneno ni abiria. Programu ni feri. Feri chakavu ikitolewa majini, abiria hawafi. Wanasimama palepale, mizigo mkononi, wanangoja feri nyingine. Maneno yapo. Kinachokosekana ni chombo.

Mpwa wangu hakukaa kimya. Mtoto mdadisi hakai kimya, na mimi napenda hivyo.

"Nitabadilisha jina. Nifute wps, niandike docx."

Nikamuuliza, ukichukua kopo la chumvi, ukaandika juu yake "sukari", chai itakuwa tamu? Akacheka. Zile herufi za mwisho wa jina ni kibandiko tu. Hazigeuzi kilichomo ndani.

"Basi WPS ipo kwenye simu ya mama! Wengi wanayo."

Hapo alinifurahisha sana, kwa sababu hata watu wazima hunaswa na mtego huo. Darasani kwenu hakuna Juma wawili? Wanaitwa jina moja, lakini kila mmoja ana mama yake. Ile ya simuni ni WPS Office, ya kampuni ya Kichina iitwayo Kingsoft. Nayo ina mafaili yake ya wps. Hili la babu ni la Microsoft Works. Jina moja, mama mbalimbali.

"Sasa tutafanyaje, Mjomba?"

Tukaweka programu ya LibreOffice kwenye kompyuta. Hupatikana bure. Ilianza 2010, na ilitokana na nyingine ya zamani iitwayo OpenOffice. Tukaifungua, tukabofya Faili, tukabofya Fungua, tukachagua mapishi.wps.

Ukurasa ukatokea! Mahamri: unga, sukari, hamira, tui zito, iliki kijiko kimoja. Herufi zilikuwa zimebadilika umbo kidogo, na mistari miwili ilikuwa imesogea. Lakini maneno yapo.

Bibi alikuwa amekaa karibu, anakuna nazi. Akauliza, "Hii mpya imejuaje kusoma faili hili, na mwenye ile ya zamani keshaiacha?"

Hata bibi anadadisi! Nikamjibu hivi. Bibi, kuna mpishi hodari wa pilau ambaye hamwambii mtu viungo vyake. Siku akiacha kupika, watu watafanyaje? Watachukua sahani ya mwisho, wataonja polepole. "Hii bizari. Hii mdalasini." Wataandika. Ndivyo walivyofanya mafundi wa kujitolea. Walichukua mafaili ya Works, wakayachungulia ndani kipande kwa kipande, mpaka wakajua maneno yanakaa wapi na herufi nzito inawekewa alama gani. Ujuzi huo wakautia ndani ya LibreOffice. Kuonja kuna kazi, na mara nyingine kiungo kimoja kinawapita. Ndiyo maana ile mistari miwili ilisogea.

"Si bora mpishi angeandika tu mapishi yake ukutani?" akasema mpwa wangu.

Umesema kweli, na wako waliofanya hivyo! Kuna aina ya faili ambalo jina lake huishia na odt. Kanuni zake zimeandikwa wazi. Tangu 2006 zinatambuliwa na shirika la viwango la dunia, ISO. Fundi yeyote, awe wa Likoni au wa London, anaweza kuzisoma akatengeneza programu yake. Mpishi mmoja akiondoka, wengine watapika.

Na msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa OpenOffice iliyozungumza Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice.

"Jambo, kama ile feri yetu?"

Kama MV Jambo, naam, ingawa feri ilikuja baadaye, 2017. Programu za OpenOffice za wakati ule ziliandika mafaili ya sxw. LibreOffice huyafungua hadi leo, maana ni ya ukoo wake.

Basi tukafanya mambo matatu. Faili la asili tuliliweka kando, lisiguswe. Tukahifadhi nakala ya odt, ya kuandikia. Tukahifadhi nyingine ya PDF, ya kusoma na kuchapisha.

Bibi akavaa miwani, akasoma. Akashtuka. "Kijiko kimoja cha iliki? Mimi nilimwambia babu yako viwili!"

Tukarekebisha ile nakala ya odt: vijiko viwili. Faili la asili tukaliacha na kijiko kimoja cha babu, vilevile alivyokiandika.

Nanyi wanangu, leo jioni waulizeni bibi na babu zenu kama wana sidii kabatini. Mkikuta faili lisilofunguka, msilifute. Nakilini kwanza, kisha litafutieni feri.