Krismasi Haianzi Tarehe 25: Jinsi ya Kuadhimisha Majilio Pamoja na Jamaa Yako

Hebu jiulize swali hili kwa uaminifu: Krismasi iliyopita iliisha lini nyumbani kwako? Kwa wengi wetu, ilianza asubuhi ya tarehe 25 kwa chapati, ikaisha jioni ya siku hiyo hiyo watoto wakilala na nguo mpya mwilini. Kilichobaki ni mifupa ya kuku, sufuria chafu na hofu ya karo ya Januari. Siku iliyongojwa mwaka mzima ikapita kama basi lisilosimama kituoni.

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ni mwenyeji gani anayepona iwapo mgeni anamkuta hajafagia ua wala kuteka maji? Ndiyo sababu makanisa mengi yakatenga majuma manne ya kumngoja Mgeni wa Krismasi. Majira hayo huitwa Majilio, yaani kuja kwake Bwana. Huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na kwa kalenda ya Wakatoliki na Waanglikana huo ndio mwaka mpya wa kanisa.

Kakamega yajua kungoja

Ikiwa kuna mahali panapojua maana ya kungoja mwezi wa Desemba, ni Kakamega. Nenda Shinyalu, Khayega, Malava au Butere wakati huo. Mahindi yamekwisha kuvunwa. Akina mama wanachota udongo na kuuchanganya na samadi ya ng'ombe ili kupaka kuta na sakafu za nyumba upya. Ua unafagiwa hadi nyasi za kando. Jogoo mkubwa hauzwi tena, kwa kuwa kila mtu anajua amewekewa nani. Wanaongojwa ni watu wa Nairobi, Mombasa na Nakuru, ambao watashuka kituoni na mizigo yao, vumbi likiwa limewajaa hadi kwenye kope.

Nakumbuka Desemba moja nikiwa mtoto kijijini, si mbali na Khayega. Baba alikuwa ametuma habari kwamba angefika tarehe 24. Tulikaa kituoni tangu saa nane za mchana hadi giza likaingia, tukihesabu matatu. Hakushuka. Nauli ilikuwa imepanda ghafla, kama ilivyo desturi yake kila mwisho wa mwaka, na pesa alizokuwa nazo hazikutosha. Asubuhi ya Krismasi sisi watoto tulimzunguka mama tukitaka jogoo achinjwe. Mama akakataa katakata. "Jogoo atangoja," alisema. "Anayengojwa ni mtu, si tarehe." Baba alifika tarehe 26, akiwa na mkate uliobanwa ukawa bapa kama chapati. Tukala Krismasi siku hiyo, na sijapata kula nyingine tamu kama ile.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa ametufundisha Majilio bila kulitaja neno hilo.

Nyumba moja, makanisa mawili

Pengine utasema, "Sisi kanisa letu halina mambo hayo." Ni kweli. Magharibi mwa Kenya ni shamba lililopandwa mbegu nyingi. Marafiki, wale waitwao Quakers, walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Wakatoliki walianza misheni ya Mukumu mwaka wa 1906, nao Waanglikana wakawa Butere mwaka wa 1912. Leo si ajabu kumkuta mume aliyelelewa na Marafiki na mke aliyelelewa Mukumu wakikaa katika nyumba moja. Mke amezoea mishumaa na rangi ya zambarau. Mume amelelewa katika imani ambayo tangu zamani haikutilia mkazo sikukuu na majira ya kanisa, bali utulivu wa moyo mbele ya Mungu.

Je, wagombane? La hasha. Mke awashe mshumaa, kisha mume aongoze dakika mbili za kimya kabla ya sala. Watoto watapata urithi wa pande zote mbili. Majilio ya nyumbani si sheria ya kanisa lolote. Ni jamaa kukubaliana kuketi pamoja na kumtayarishia Bwana nafasi.

Ibada ya robo saa

Kosa la wazazi wengi ni kuanza kwa kishindo. Siku ya kwanza ibada huchukua saa nzima, siku ya tatu watoto wanasinzia, juma la pili imekufa. Chagua robo saa tu baada ya chakula cha jioni. Zima televisheni, na simu zote ziwekwe kapuni, hata ya baba.

Kuna njia mbili rahisi. Ya kwanza yawafaa wenye watoto wakubwa na wanafunzi. Injili ya Luka ina sura 24. Anzeni sura ya kwanza tarehe 1 Desemba na msome sura moja kila jioni. Mtaimaliza tarehe 24. Sura nyingine ni ndefu, kwa hiyo gawaneni aya, kila mtu asome zake.

Njia ya pili yawafaa wenye watoto wadogo. Juma la kwanza ni la tumaini: someni ahadi katika Isaya sura ya 9 na ya 40. Juma la pili ni la amani: someni habari za Bethlehemu katika Mika sura ya 5 na za Yohana Mbatizaji katika Luka sura ya 3. Juma la tatu ni la furaha: Maria na Elizabeti, Luka sura ya 1. Juma la nne ni la upendo: Yusufu na ndoto yake, Mathayo sura ya 1. Usiku wa tarehe 24 msome Luka sura ya 2.

Msomaji asiwe baba kila siku. Kama kukhu yuko nyumbani na ana Biblia ya Kiluhya, mwachie jioni moja asome kwa lugha yake. Watoto waliozaliwa Buru Buru au Umoja huenda wasielewe kila neno, lakini watakumbuka sauti. Na mkiimba, mtoto apige hata debe. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, haikuumbwa kwa ajili ya arusi na mazishi peke yake.

Ngata ya mishumaa minne

Desturi ya taji la Majilio ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1839. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akitunza watoto maskini, nao wakimsumbua kila siku wakiuliza, "Krismasi ni lini?" Akachukua gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa: midogo kwa siku za juma, mikubwa minne kwa Jumapili. Kila siku mmoja uliwashwa, na watoto wakajionea wenyewe siku zinavyosogea.

Wewe huhitaji gurudumu. Unajua ngata, ile pete ya majani makavu ya mgomba ambayo mama huweka kichwani ili mtungi usimwumize? Sokota ngata kubwa yenye upana wa sahani. Iweke juu ya sinia la bati au chombo cha udongo. Wafinyanzi wa Ilesi, kando ya barabara ya kwenda Kisumu, wanafinyanga vyombo vizuri. Funika ngata kwa vijitawi vibichi vya saiprasi kutoka kwenye ua wa nyumba. Tafadhali usiingie Msitu wa Kakamega kukata matawi. Msitu huo umehifadhiwa, na miti yake ni ya wajukuu wetu.

Chukua mikebe midogo minne, ijaze mchanga, simamisha mshumaa katika kila mkebe na uipange kuizunguka ngata kwa nje, si juu ya majani. Kwa desturi, mishumaa mitatu huwa ya zambarau na mmoja, wa Jumapili ya tatu, huwa wa waridi. Usipopata rangi hizo dukani, funga kitambaa cha rangi hiyo kwenye mkebe. Jumapili ya kwanza washa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo hadi minne. Majani yakikauka yabadilishe, na mtu mzima asiondoke chumbani mshumaa ukiwaka. Ukitoka, zima.

Kazi za mikono ya watoto

Shule zimefungwa na watoto wanazurura wakisema, "Hakuna la kufanya." Wape haya.

*Viberiti 24.* Kusanya visanduku vitupu vya viberiti, vibandike karatasi za rangi na uviandike nambari 1 hadi 24. Ndani ya kila kimoja weka kikaratasi chenye kazi ya siku: "Mtekee nyanya wa jirani maji." "Mwombe dada yako msamaha." "Mpigie babu simu." Kila asubuhi mtoto mmoja afungue kisanduku kimoja. Kitamu kinaweza kuwemo, lakini si kila siku.

*Hori la udongo.* Desturi ya kuigiza hori la Bethlehemu yajulikana tangu Fransisko wa Asizi alipoliandaa kijijini Greccio, Italia, mwaka wa 1223. Watoto wetu tayari ni mafundi wa kufinyanga ng'ombe. Wafinyange na Yusufu, Maria, wachungaji na punda, na wavikaushe kivulini ili visipasuke. Sasa sikiliza siri yenyewe: usiweke vyote horini siku ya kwanza. Maria na Yusufu waanze safari mlangoni, na kila siku wasogee hatua moja. Mtoto Yesu afichwe hadi usiku wa tarehe 24. Mamajusi waendelee na safari hadi tarehe 6 Januari. Utaona watoto wakiamka mapema kwenda kutazama wamefika wapi.

Harufu ya Jumamosi

Jumamosi iwe siku ya kuoka. Usijisumbue kwa kuwa huna jiko la umeme. Mimina mchanga mkavu wenye kimo cha vidole viwili katika sufuria kubwa, ufunike, na uupashe moto kwa dakika kumi. Weka sufuria ndogo yenye kinyunga ndani yake, funika, kisha tia makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe hafifu. Jambo la muhimu: jiko la makaa liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua.

*Mkate wa ndizi.* Ponda ndizi 3 zilizoiva sana. Changanya na mayai 2, sukari nusu kikombe, na siagi iliyoyeyushwa au mafuta nusu kikombe. Chekecha vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 2 vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo. Unganisha pole pole pamoja na robo kikombe cha maziwa; usikoroge sana. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, uoke kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, umeiva.

*Biskuti za sukari nguru.* Kuna sukari nguru upate robo tatu ya kikombe, uisugue pamoja na gramu 125 za siagi. Ongeza yai 1, vijiko 2 vya chai vya tangawizi ya unga na kimoja cha mdalasini. Tia vikombe 2 na nusu vya unga na kijiko 1 cha chai cha beking pauda. Kanda, sukuma, ukate kwa mdomo wa gilasi. Nyota watoto watazikata kwa kisu butu. Oka kwa dakika 12 hadi 15, na uziache zipoe kabla ya kuzigusa, kwani zikiwa moto huvunjika.

Ukishaoka, gawa mara mbili. Nusu ni ya nyumba, nusu ipelekwe mahali: kwa mjane wa jirani, kwa bawabu wa zamu ya usiku, kwa mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda kwao. Mtoto ndiye abebe sahani. Hapo ndipo atajifunza Majilio kuliko kwa mahubiri kumi.

Bahasha ya Januari

Mwisho, wazazi, kujitayarisha si mishumaa tu. Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya ibada, ketini nyinyi wawili na kalamu. Chukueni bahasha tatu: ya nauli, ya sikukuu na ya Januari. Ya Januari ijazwe kwanza, nayo isiguswe hata fahali wa Khayega wakipigana. Kama mwaka huu hakuna nguo mpya, waambieni watoto mapema, kwa upole. Mtoto aliyeambiwa ukweli tarehe 1 hawezi kulia tarehe 25.

Na kama mmoja wenu yuko mbali, na hana hakika ya kufika, washeni mshumaa wenu na yeye awashe wake huko aliko, saa mbili ya usiku. Someni sura moja. Simu fupi inatosha kuwaunganisha. Jogoo anaweza kungoja.

Nakutakia wewe na jamaa yako Majilio yenye amani.