Ndugu ni Kufaana

Majuzi nilikwenda kuhani katika boma moja la Waithaka, mtaa ambao jina lake humkumbusha Mgikuyu neno ithaka, yaani mashamba ya ukoo. Tangazo la tanzia liliwataja wazazi, ndugu, binamu, hata mashemeji wa mbali. Halikumtaja mwenzi aliyemuuguza marehemu hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa mwanamume mwenzake. Nilimkuta akiwagawia waombolezaji chai, wala hapana aliyempa pole.

Nilimkumbuka Binyavanga Wainaina, mwanzilishi wa jarida la Kwani? Mnamo Januari 2014 alichapisha insha aliyoiita sura iliyopotea ya tawasifu yake ya mwaka 2011. Humo yumo kando ya kitanda cha mamake mgonjwa, akimfunulia kwamba anawapenda wanaume. Kisha anakiri kuwa hayo hayakutokea. Mamake alipofariki mwaka 2000, yeye alikuwa Afrika Kusini, amezuiwa na hofu, aibu na shida ya viza.

Je, alitudanganya? La hasha. Hadithi humpa mfiwa alichonyimwa na maisha, nacho ni nafasi ya kuaga. Hata ngano za bibi zetu hazikuona ajabu wafu kurudi wakasemezana na walio hai.

Wapo watakaodai kwamba jadi yetu haijui jamaa wa namna hiyo. Lakini Wagikuyu walimruhusu mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake. Katika utafiti wao wa mwaka 2000, Wairimũ Ngarũiya Njambi na William O'Brien walionyesha kuwa ndoa hizo hazikuwa za urithi na watoto tu. Zilikuwa pia za kuliwazana. Sisemi ni mamoja na mapenzi aliyoyaandika Binyavanga. Nasema lango la boma lilikuwa pana kuliko tunavyokumbuka.

Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku 3 baadaye, Mahakama Kuu ilikataa kuzibatilisha sheria zinazoharamisha mapenzi ya aina yake. Mjadala huo haujaisha, wala safu hii haitaumaliza.

Hata hivyo, wahenga walikwisha kutuamulia jambo moja: ndugu ni kufaana, si kufanana. Kati ya maneno hayo mawili pana konsonanti moja tu. Aliyemwosha mgonjwa na kukesha naye alimfaa. Basi jina lake na lisomwe pamoja na ya wafiwa wengine.