Ua la shaba: tulisome mbele ya kulima

Wamama na wababa wa koperative, mvua ikikaribia kuisha, kuna ua dogo la zambarau tunaliona karibu na mgodi wa Étoile, hapa Lubumbashi. Wataalamu wanaliita *Haumaniastrum katangense*. Ni jamaa ya lumba-lumba. Pale miti inashindwa kuota juu ya shaba mingi, lenyewe linastawi. Linaota hata pale wazee wa zamani walikuwa wanayeyusha shaba.

Likijaa pahali, tusipande chakula mbele udongo upimwe: mahindi yanadumaa, na lengalenga inaweza kubeba shaba mpaka kwenye sahani. Chokaa na mboji vinapunguza nguvu ya shaba, lakini haviiondoe. Na pasipo ua, tusiseme pako safi: vumbi la viwanda linafika mbali.