Paka Anayenuka: Fahamu Tezi za Harufu

Hapa Kanazi paka ni mlinzi wa mahindi na maharage yetu dhidi ya panya. Lakini wapo paka wanaoacha harufu kali ya samaki aliyeoza kila wanapokaa. Wenye nyumba wengine huwafukuza, wengine huwakamua au kuwachana kwa wembe. Tusifanye hivyo.

HARUFU INATOKA WAPI?
Pembeni mwa njia ya haja kubwa ya paka kuna vifuko viwili vidogo, mfano wa punje ya kunde. Ndani mna majimaji yenye harufu, nayo hutoka kidogo kidogo anapojisaidia, au ghafla akishtuka. Kwa harufu hiyo wanyama hutambuana. Kicheche hujihami kwa tezi za namna hiyo. Fungo naye ana tezi yake itoayo zabadi, manukato yaliyotumika tangu kale. Basi tezi ni maumbile, si uchafu.

DALILI ZA UGONJWA
Kitundu cha kifuko kikiziba, majimaji huganda na huweza kugeuka usaha. Paka hujiburuza makalio chini, hujilamba mno, hulia anapojisaidia, na pengine uvimbe hutokea na kupasuka. Kuharisha na unene huchangia.

UFANYEJE?
Kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Yeye ataukamua mfuko kwa utaratibu, atausafisha, na akiona haja atatoa dawa.

Pili, usimpe paka parasetamoli. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu; damu hushindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Tatu, paka mwenye maumivu huuma. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona.

KUONDOA TEZI SI SULUHISHO
Ulaya na Marekani wapo wanaofuga fereti, mnyama wa ukoo mmoja na kicheche. Wengine waliwatoa tezi wakitaraji harufu itaisha. Haikuisha, kwani sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta ya ngozi, hasa kwa dume asiyehasiwa. Nasi tupambanue: kama ni mkojo ambao dume huurusha ukutani, dawa ni kumhasi.

USAFI WA NYUMBA
Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) paka si najisi. Lakini usaha na majimaji yatokayo njia ya haja yaoshwe kabla ya kuswalia mahali hapo. Tumia maji na sabuni, anika mkeka juani, kisha nawa mikono.

Ndugu msomaji, paka anayenuka huenda anaumwa. Mtibu kabla hujamfukuza.